Mkonge wa milia haupandwi ukasahauliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno juu ya makala ya bustani mliyoichapa wiki mbili zilizopita, ile iliyohusu mimea ya sehemu kavu. Mwandishi aliusifu mkonge wa mapambo, ule wenye majani ya rangi mbili, na sifa zote alizoupa unastahili. Lakini alihitimisha kwa kuuita mmea wa "kupanda na kusahau". Hapo ndipo nilipoliweka gazeti chini. Nimeishi na mmea huo kwa miaka 19. Mmoja niliua mimi mwenyewe kwa kutojua, mwingine nusura upotee kwa sababu nilidhani hauhitaji kuangaliwa, na sitaki msomaji mwingine apite njia hiyo kwa ajili ya maneno matatu yaliyoandikwa kwa haraka.

Nianze na picha, kwa kuwa kosa lake linaweza kumuumiza mtu. Mmea uliokuwa kwenye picha yenu sio ule uliozungumziwa kwenye makala. Ule wa pichani ni Furcraea foetida, ambao nao una aina yenye milia, na watu wengi huuchanganya na huu wetu. Majani yake ni mepesi, yanajikunjakunja kidogo, na ncha yake haina mwiba wa kutisha. Mkonge wa mapambo wenyewe, Agave americana, una jani nene lenye meno yaliyopinda kama kulabu pembezoni, na mwishoni kuna mwiba wa kahawia iliyokolea, mgumu kama msumari, wenye urefu wa sentimita 3 hadi 5. Anayeamini picha yenu ataupanda kando ya mlango au pembeni mwa kinjia. Mmea ukishafika urefu wa mita moja, miiba ile inakuwa usawa wa uso wa mtoto anayekimbia. Mimi nimeuweka wangu mita mbili kutoka mahali popote panapopitwa na watu, na bado kila jani jipya linapokomaa naikata ncha ya mwiba kwa mkasi wa kupogolea, milimita chache tu, bila kuligusa jani lenyewe. Jani halidhuriki kwa hilo.

Mmea huu asili yake ni Meksiko na kusini mwa Marekani. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliupa jina hilo la Agave mwaka 1753, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kitu cha fahari, na kwa kweli hakukosea. Ni ndugu wa mkonge wa katani tunaoujua sote kwa kamba na magunia. Huu wa milia una sura kadhaa: kuna wenye kijani katikati na ukingo wa manjano, ambao ndio nilio nao, kuna ulio kinyume, mstari mweupe katikati na kijani pembeni, ambao hubaki mdogo zaidi na wengi huupenda kwa vyungu, kuna wenye mistari myembamba iliyotawanyika jani zima. Wote ni mmea uleule kwa asili, na wote wana udhaifu mmoja, ambao nitaueleza. Kwanza niseme habari ya maji.

Mkonge wangu wa kwanza niliupanda penye udongo mzito wa mfinyanzi, karibu na mahali maji ya paa yanapodondokea, nikaona nimeutendea wema. Kila jioni niliumwagilia. Kwa miezi mitatu hivi ulionekana unashukuru. Kisha majani ya chini yakaanza kugeuka manjano. Si yale manjano ya ukingo yanayong'aa, bali manjano yaliyofifia, yenye ubichi wa kuoza. Nikadhani una kiu, nikazidisha maji. Asubuhi moja nilishika lile jani la katikati, lile lililojiviringa na kusimama kama mkuki, nikalivuta kidogo tu, likang'oka lote mkononi mwangu. Mwisho wake ulikuwa wa kahawia, umelowa, na harufu yake sijaisahau hadi leo. Nilipochimba sikukuta mizizi. Nilikuta nyuzi nyeusi zinazoteleza zikichunwa kwa vidole.

Ningejua namna mmea huu unavyoishi nisingefanya vile. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana na kupoteza maji mengi juani. Mkonge huvifungua usiku, kunapokuwa na ubaridi, huvuta hewa ya ukaa na kuihifadhi, kisha mchana huvifunga na kuitumia hewa ile kwa msaada wa jua. Maji yake huyaweka ndani ya majani yenyewe. Jani moja la mmea mkubwa ni ghala. Mizizi yake haiendi chini sana, hutambaa kando karibu na uso wa ardhi ili kudaka mvua fupi, na inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Ukiizamisha kila jioni unaikaba koo.

Kwa hiyo wa pili niliupandia tuta. Nilikusanya udongo wa kawaida sehemu moja, mchanga wa chembe kubwa na changarawe sehemu moja, nikavichanganya na kupandisha kilima cha kimo cha kama sentimita 40. Mmea ukakaa kileleni, shingo yake, pale majani yanapoungana na mizizi, ikiwa juu kidogo ya udongo, nikaizungushia kokoto ili maji yasituame hapo. Matandazo ya majani makavu au maranda sikuweka, maana yanashika unyevu shingoni. Mwaka wa kwanza niliumwagilia mara moja kila wiki mbili wakati wa ukavu, kwa kuloweka udongo hasa na kisha kuuacha ukauke kabisa. Sasa ni mkubwa, na mvua inautosha; katika ukame mrefu naupa maji mara moja kwa mwezi. Wenyewe hukuambia. Ukiwa na kiu, majani hukonda, hujikunja kwa ndani na kupata mikunjo midogo kama ngozi ya kidole kilichokaa majini, na baada ya kunywa hurudi kunenepa. Ukiwa umezidishiwa, majani ya chini hulegea na kugeuka manjano ya ugonjwa, na hapo mara nyingi umechelewa. Mbolea sijawahi kuutia, na sijaona sababu.

Sasa milia. Naomba wasomaji wanisikilize hapa kuliko mahali pengine pote, kwa sababu makala haikugusa jambo hili hata kidogo.

Ukingo wa manjano unaotupendeza ni sehemu ya jani iliyokosa klorofili, au iliyo nayo kidogo mno. Klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, ndiyo inayolipikia jani chakula kwa mwanga wa jua. Kwa maneno mengine, katika kila jani la mkonge wa milia kuna sehemu ya kijani inayofanya kazi na sehemu ya manjano inayolishwa. Ndiyo maana hukua polepole kuliko wa kijani kitupu na huwa na umbo dogo zaidi, na ndiyo maana manjano huungua upesi. Ukiutoa mmea kivulini, ukauweka kwenye jua kali siku hiyohiyo, utaona mabaka meupe, kisha ya kahawia, yaliyokauka kama karatasi. Kovu hilo haliponi, na jani la mkonge huishi miaka mingi, kwa hiyo utalitazama kovu lako kwa miaka hiyo yote. Uzoeshe jua pole pole: saa za asubuhi tu kwanza, halafu uongeze, kwa wiki mbili au tatu.

Rangi hizi mbili hazijachanganyika ndani ya mmea. Zimekaa kwa tabaka. Kwenye kile kitovu cha kukulia, chembe hai za kijani na chembe zisizo na kijani zinaishi pamoja, kila moja ikizaa za aina yake. Zikishikamana kwa mpangilio wake, kila jani hutoka na ukingo ulionyooka. Lakini chini ya udongo mkonge husambaza mashina ya kutambaa, na juu yake hutokeza maotea, yale machipukizi yanayozuka kuuzunguka mmea mama. Oteo likichipuka mahali ambapo chembe za kijani peke yake ndizo zilizoshika nafasi, litakuwa la kijani kitupu, na milia haitarudi. Likichipuka penye chembe zisizo na kijani, litatoka jeupe au manjano matupu.

Mwaka wa tano tangu niupande, mmea wangu ulitoa maotea manne. Mawili yalikuwa na milia mizuri. Moja lilikuwa manjano tupu, rangi ya siagi, na sote nyumbani tulilipenda. La nne lilikuwa la kijani tupu, na kwa kuwa lilikuwa limenawiri kuliko yote, nikaliacha. Nilisema moyoni, huu si mmea wa kupanda na kusahau? Ndiyo, hata mimi nilikuwa nimeyaamini maneno hayo.

Lile la manjano binti yangu alilitenga, akalipanda kwenye chungu chake kwa uangalifu wote. Halikumaliza miezi miwili. Alisikitika sana, akadhani amekosea, nami sikuwa na la kumwambia kwa sababu sikujua. Leo najua kwamba hakukosea chochote. Oteo lisilo na kijani huishi kwa kulishwa na mama. Ukilikata mbali naye umelikatia chakula. Ukilipenda, liache palepale lilipo.

Lile la kijani ndilo lililonifundisha adabu. Halikuwa na ukingo wa kulisha, kila inchi ya jani lake ilikuwa inapika. Katika miaka miwili lilikuwa limemfikia mama kwa kimo. Mwaka wa tatu lilimpita, likamlalia upande mmoja na kumnyima mwanga, na lenyewe likatoa maotea yake, yote ya kijani. Mmea wangu wa milia ukawa umebanwa pembeni, majani yake ya upande ule yamekonda na kupinda kutafuta jua. Kulitoa lile lilikuwa shughuli ya siku mbili kwa sururu na sepeto, na kwa mwaka mzima baadaye niliendelea kung'oa vichipukizi vilivyosalia ardhini. Kama ningelitazama lilipokuwa urefu wa kidole, ningelitoa kwa mkono mmoja.

Tangu hapo nauzunguka mmea wangu angalau mara moja kwa mwezi. Nainama, naziondoa kokoto kidogo, naangalia kilichochomoza. Ukingo wa manjano huonekana mapema sana, hata kwenye jani la kwanza lililosimama kama sindano. Lenye milia nalihesabu na kuliacha. La kijani naliondoa siku hiyohiyo. Ni kazi ya dakika kumi, lakini lazima ifanywe, na asiyeifanya atajikuta baada ya miaka kadhaa ana kichaka cha kijani na hakumbuki milia ilipotelea wapi. Mbegu nazo hazirithishi milia kwa uhakika, kwa hiyo anayeutaka mmea huu autafute kwa oteo ambalo ameliona kwa macho yake.

Kulitenga oteo zuri, nangoja lifike kimo cha sentimita 15 hadi 20, liwe na mizizi yake. Nalifukua upande mmoja hadi nilione lile shina la kutambaa linaloliunganisha na mama, nalikata kwa kisu kikali, nalitoa na kuliweka kivulini mahali pakavu kwa siku tano hadi saba mpaka kidonda kifanye ngozi. Watu huona huruma kuliacha bila udongo siku zote hizo. Msione huruma; kidonda kibichi kwenye udongo wenye unyevu ndicho kinachooza. Baada ya hapo nalipanda kwenye mchanganyiko uleule wa changarawe, na maji ya kwanza nalipa wiki moja baadaye.

Kazi hiyo ifanywe kwa glovu nene, mikono mirefu na miwani. Utomvu wa mkonge huu una vipande vidogo sana kama sindano, vya kalsiamu oksaleti, visivyoonekana kwa jicho, na vikigusa ngozi huchoma. Mke wangu aliwahi kunisaidia akiwa na mikono mitupu. Jioni ile mkono wake ulianza kuwasha kuanzia kifundo hadi kiwikoni, ukatoka vipele vyekundu vilivyomkosesha usingizi. Kwa sababu hiyohiyo asithubutu mtu kuukata kwa mashine ya kufyekea au msumeno wa injini: unarusha utomvu kila mahali, mpaka machoni.

Kuna mtindo wa kuyakata majani ya chini yakiwa mabichi ili mmea ufanane na nanasi. Nausihi ukurasa wenu usiuhimize. Yaondolewe yaliyokauka kabisa, basi. Kila jidonda bichi ni mwaliko kwa adui mkubwa wa jamii yote ya mikonge, fukusi mweusi aitwaye Scyphophorus acupunctatus, mwenye urefu wa sentimita 1 hadi 2 na mdomo mrefu uliopinda. Jike hutoboa chini ya majani, hutaga mayai, na pamoja naye huingia bakteria wa kuozesha. Mabuu yake meupe yenye vichwa vya kahawia hula moyo wa mmea huku kwa nje majani bado yanapendeza. Siku unapoona mkuki wa katikati umeinama na majani yamelala chini yote kwa pamoja, ndani hakuna kilichobaki. Mmea wa namna hiyo ung'olewe mzima na kuteketezwa, usitupwe kwenye lundo la mboji, na mahali pale pasipandwe mkonge mwingine kwa haraka. Nilimwona fukusi huyo mara moja, shingoni mwa mmea, asubuhi ya ukaguzi wangu. Alikuwa bado juu, hajaingia. Laiti ningekuwa nimepanda na kusahau, nisingekuwa na mmea wa kuandikia barua hii.

Juu ya kuchanua nitasema machache. Makala ilisema huchanua baada ya miaka 100. Wengi husema hivyo, lakini kwa kawaida ni kati ya miaka 10 na 30. Mlingoti wa ua hupanda kwa kasi ya ajabu na kufika hata mita 8, na baada ya hapo mmea mama hufa, ukiwaacha watoto wake. Kuukata mlingoti hakuuokoi. Wangu bado haujachanua, nami nimeshajiandaa: nina maotea matatu ya milia safi yaliyokwisha kutengwa.

Yale nisiyoyahitaji nayakausha juani, mizizi juu, mpaka yafe kabisa. Hayatupwi porini, hasa ya kijani. Mmea huu umeshageuka kuwa kero kwa kusambaa wenyewe Afrika Kusini, Australia na kwenye pwani za Mediterania.

Kuna jambo moja ambalo mtu hulipata kwa kukaa karibu na mmea huu tu. Majani yake yanapokuwa bado yamebanana kwenye ule mkuki wa katikati, meno ya jani moja huligandamiza jani la jirani, na linapofunguka linabaki na chapa ya meno yale mgongoni, mstari wa mawimbi kamili kama mhuri, na chapa hiyo hubaki pale maisha yote ya jani. Juu yake kuna unga mwepesi kama nta, unaofutika ukiupitisha kidole. Asubuhi jua likiwa chini, ukingo wa manjano hupitisha mwanga na kuwaka kama umewashwa kwa ndani. Wajukuu wangu wanajua kuitafuta chapa hiyo kila jani jipya linapofunguka, na wanajua pia wasimame hatua mbili nyuma.

Mhariri, naomba mambo mawili. Mchapishe picha sahihi, ionekane meno na mwiba, na chini yake msahihishe yale maneno matatu. Na kama inawezekana, lifanyike kabla mvua hazijaanza, kwa sababu ndipo watu wengi hushika sepeto, na wengine watakuwa wamekata makala yenu na kuiweka mfukoni.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi